Salomon Sulzer na Muziki wa Sinagogi ya Vienna

Salomon Sulzer alikuwa hazani, yaani mwimbishaji mkuu wa sala, wa Wayahudi wa Vienna kuanzia mwaka 1826 hadi 1881. Alizaliwa tarehe 30 Machi 1804 huko Hohenems, mji mdogo wa magharibi mwa Austria karibu na mpaka wa Uswisi, na akafariki Vienna Januari 1890 akiwa na umri wa miaka 85. Katika utumishi wake wa zaidi ya nusu karne aliandika kwa noti nyimbo za ibada ya mwaka mzima, akaunda kwaya iliyovuta wasikilizaji wa kila dini, na akaifanya kazi ya hazani kuwa taaluma yenye mafunzo, heshima na vitabu vyake. Wayahudi wa Ulaya ya kati wanamhesabu kuwa baba wa muziki wa sinagogi wa zama hizi.

Sauti yake ilisifiwa sana, lakini sauti hufa na mwenyewe. Kilichombakiza Sulzer katika historia ni jibu alilolitoa kwa swali lililowasumbua Wayahudi wa karne ya 19: ibada iliyorithiwa kutoka kwa mababu itaingiaje katika maisha mapya ya mji mkubwa bila kupoteza asili yake? Wapo waliotaka kuacha kila kitu kama kilivyokuwa, na wapo waliotaka kuanza upya kabisa. Sulzer alichagua kusafisha, kupanga na kuandika kile kilichokuwapo. Maisha yake yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa kwa jicho hilo.

Kazi ya hazani kabla ya Sulzer

Sehemu kubwa ya sala za sinagogi huimbwa au husomwa kwa mahadhi, na lugha yake ya asili ni Kiebrania. Hazani si kuhani, kwa kuwa ukuhani wa Kiyahudi ulikoma kutoa dhabihu Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70. Kwa mila ya zamani, mwanamume yeyote mtu mzima mwenye ujuzi na mwenendo mwema angeweza kusimama mbele ya wenzake na kuwaongoza. Hata hivyo sala ni nyingi, mahadhi yake ni mengi zaidi, na siku kuu zina taratibu zake. Kwa hiyo jumuiya zenye uwezo zilianza kuajiri mtu wa kazi hiyo.

Ujuzi wa msingi wa hazani ni kuyajua mahadhi ya kila wakati. Maneno yale yale huimbwa kwa njia moja katika siku ya kazi, kwa njia nyingine jioni ya kuamkia Sabato, na kwa njia tofauti kabisa katika Siku ya Upatanisho. Mtu aliyelelewa katika sinagogi anaweza kusimama nje mlangoni, asisikie hata neno moja sawasawa, na bado akajua ni siku gani na ni sala ipi. Mahadhi hayo yamejengwa juu ya ngazi za sauti zenye majina na tabia zake. Mojawapo, iitwayo Ahavah Rabbah, ina pengo pana kati ya sauti ya pili na ya tatu, sawa na maqamu ya Hijazi yanayosikika katika taarabu na katika adhana. Ndani ya ngazi hizo hazani hana lahani iliyofungwa. Ana misemo ya kimuziki ya kufungulia, ya kupumzikia na ya kumalizia, na kati yake huongozwa na maneno na kipaji chake.

Elimu hii ilipokezwa kwa mdomo. Kijana mwenye sauti alimfuata hazani kutoka mji hadi mji, akamsaidia na kujifunza kwa sikio. Kufikia karne ya 18 ilikuwa desturi hazani kusimama kati ya wasaidizi wawili, mmoja mvulana mwenye sauti nyembamba na mwingine mwenye sauti nzito ya besi, ambao waliitikia, waliunga mkono, na mara nyingine waliiga milio ya ala za muziki kwa vinywa vyao. Ala zenyewe zilikatazwa katika ibada, kwa ajili ya kuomboleza Hekalu lililobomolewa na kwa ajili ya kuchunga mapumziko ya Sabato.

Kulikuwa na uzuri mwingi katika desturi hiyo, lakini kulikuwa na fujo pia. Mahazani wengi waliokota nyimbo za ngoma na za michezo ya opera wakazivika maneno ya sala. Wengine walirefusha neno moja kwa mapambo ya sauti hadi maana ikapotea. Waumini nao walisali kila mmoja kwa mwendo wake na kwa sauti yake, na hapakuwa na noti zilizoandikwa za kumrudisha mtu kwenye njia. Majaribio ya muziki wa kwaya yalikuwa machache. Salomone Rossi, mwanamuziki wa Kiyahudi wa Mantua nchini Italia, alichapisha nyimbo za Kiebrania za sauti nyingi miaka ya 1622 na 1623, lakini vita na tauni vilizivunja jumuiya za huko na kazi yake ikasahaulika kwa zaidi ya miaka 200.

Mwanzoni mwa karne ya 19 wanamageuzi wa Ujerumani walichukua hatua kali. Israel Jacobson alifungua sinagogi yenye kinanda cha mabomba huko Seesen mwaka 1810, na waumini wakaimba tenzi za Kijerumani kwa mtindo wa Waprotestanti. Hekalu la Hamburg lilifuata mwaka 1818. Utaratibu ulipatikana, lakini mahadhi ya mababu yaliwekwa kando, na hazani akabaki hana kazi ya maana. Wahafidhina walilaani mambo hayo. Hali ilikuwa hiyo Sulzer alipokuwa akikua.

Kijana wa Hohenems

Ukoo wa Sulzer ulikuwa ukiitwa Levi, na uliwahi kuishi katika kijiji jirani cha Sulz. Jina la Sulzer lilianza kutumika mwaka 1813, wakati Wayahudi wa eneo lile walipotakiwa kuwa na majina ya ukoo ya kudumu. Hohenems yenyewe ilikuwa na jumuiya ndogo ya Kiyahudi yenye sinagogi yake tangu miaka ya 1770. Masimulizi ya maisha ya Sulzer yanasema kwamba alipokuwa mtoto alichukuliwa na maji ya mafuriko akanusurika, na mama yake akaweka nadhiri kwamba mwana huyo atamtumikia Mungu.

Kipaji chake kilionekana mapema. Mwaka 1817, akiwa na miaka 13 tu, alichaguliwa kuwa hazani wa mji wake. Umri huo ulizusha mashaka, na ilionekana bora apewe kwanza muda wa kujifunza. Alifuatana na mahazani wenye uzoefu huko Uswisi na kwingineko, na akasoma muziki mjini Karlsruhe. Mwaka 1820 alirudi Hohenems kushika nafasi yake akiwa na elimu mbili kichwani: mahadhi ya kale aliyoyapata kwa sikio, na muziki wa noti aliousoma kwa walimu. Kazi yote aliyoifanya baadaye ilitokana na kuziunganisha elimu hizo mbili.

Sinagogi iliyofichwa nyuma ya nyumba

Wakati huo Vienna haikuwa mji mwepesi kwa Myahudi. Hati ya uvumilivu ya Kaisari Joseph II ya mwaka 1782 ilikuwa imepunguza vikwazo, lakini kuishi mjini humo bado kulihitaji kibali, na idadi ya familia zilizoruhusiwa ilikuwa ndogo. Miongoni mwao walikuwamo wafanyabiashara na wenye mabenki waliojulikana hadi ikulu. Mmoja wa viongozi wao, Michael Lazar Biedermann, alisukuma mbele mpango wa kujenga sinagogi mpya na kuleta utaratibu mpya wa ibada.

Mhubiri aliyeitwa ni Isaac Noah Mannheimer, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1793. Serikali haikuruhusu jumuiya kuwa na rabi kwa jina hilo, hivyo cheo chake rasmi kilihusu uongozi wa shule ya dini. Jengo lilichorwa na Joseph Kornhäusel katika mtaa wa Seitenstettengasse. Kwa kuwa sheria iliruhusu makanisa ya Kikatoliki peke yake kuonyesha uso wake barabarani, sinagogi ilifichwa nyuma ya nyumba za kupanga, na mpita njia hakuona chochote ila madirisha ya kawaida. Ndani kulikuwa na ukumbi wa umbo la yai, nguzo 12 zinazobeba roshani za wanawake, na kuba inayoingiza mwanga kutoka juu. Umbo hilo lilifaa sana kwa sauti ya mwanadamu.

Viongozi walitaka muziki unaolingana na jengo. Mwaka 1825 waliwahi kumwomba Ludwig van Beethoven atunge wimbo mkubwa wa ufunguzi, lakini kazi hiyo hakuifanya, na ikaangukia kwa Joseph Drechsler. Sinagogi ilifunguliwa tarehe 9 Aprili 1826. Katika mwaka huo huo Mannheimer alimwita Sulzer, kijana wa miaka 22, awe hazani mkuu.

Mannheimer na Sulzer walikubaliana njia ya kati. Kiebrania kilibaki kuwa lugha ya sala, na nguzo kuu za ibada hazikuguswa. Baadhi ya mashairi marefu ya kale yaliondolewa ili ibada isiwe ndefu kupita kiasi. Mahubiri yalitolewa kwa Kijerumani. Kinanda hakikuingizwa katika ibada ya Sabato. Waumini walitakiwa kutulia na kuitikia kwa pamoja, na kelele za kila mtu kwa mwendo wake zikakoma. Utaratibu huo uliitwa mtindo wa Vienna, na uliwazuia Wayahudi wa mji huo wasigawanyike vipande viwili kama ilivyotokea Ujerumani.

Kwaya, Schubert na wasikilizaji wa nje

Sulzer hakuja Vienna kama bwana aliyekwisha kuhitimu. Alianza masomo upya, akajifunza utunzi kwa Ignaz von Seyfried na walimu wengine wa mji ule. Seyfried alikuwa mwanamuziki wa michezo ya kuigiza na wa makanisa, aliyewahi kusoma katika mazingira ya Mozart na kufahamiana na Beethoven. Kwa njia hiyo Sulzer aliingia moja kwa moja katika shule kubwa ya muziki ya Vienna.

Kwaya aliyoiunda ilikuwa ya wanaume na wavulana. Wavulana waliimba sauti ya kwanza na ya pili, wanaume wakaimba tenori na besi. Wasaidizi wawili wa zamani waliokuwa wakibuni papo hapo walitoweka, na mahali pao wakaingia waimbaji waliofundishwa, kila mmoja na karatasi yake ya noti. Sulzer mwenyewe alikuwa na sauti ya baritoni yenye nguvu na upana, na alijua kuitumia kwa kunong'ona kama alivyojua kuitumia kwa kishindo. Nje ya sinagogi aliimba nyimbo za Franz Schubert katika mikusanyiko ya wapenzi wa muziki, na akahesabiwa miongoni mwa waimbaji bora wa nyimbo hizo.

Uhusiano wake na Schubert ulizaa kazi moja ya pekee. Mwaka 1828, miezi michache kabla ya kufariki Novemba mwaka ule, Schubert alitunga Zaburi ya 92 kwa maneno ya Kiebrania kwa ajili ya sinagogi ya Seitenstettengasse. Katika orodha ya kazi zake inajulikana kwa nambari D. 953. Zaburi hiyo ni ya Sabato, na huimbwa ibada ya Ijumaa jioni inapoipokea siku takatifu. Schubert aliipanga kwa sauti za wanadamu peke yake, bila ala. Kwaya na hazani hupokezana: mara umati wa sauti nne unatoa mstari kwa utulivu, mara baritoni anajitokeza peke yake na kuupamba mstari unaofuata kwa uhuru, kisha wote wanaungana. Mpango huo ni ule ule wa hazani na waitikiaji wake, ila umeandikwa kwa mkono wa Mkatoliki wa Vienna. Maneno ya Kiebrania yamewekwa juu ya noti kwa uangalifu unaoonyesha kwamba mtunzi alipata msaada wa mtu anayeijua lugha, na hapakuwa na mtu wa karibu zaidi kuliko Sulzer.

Habari za sinagogi hiyo zilienea. Mwandishi wa Kiingereza Frances Trollope, aliyetembelea Vienna katika miaka ya 1830, aliieleza sauti ya Sulzer kwa mshangao katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1838. Mkosoaji Eduard Hanslick, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliandika juu ya nafasi ya Sulzer katika maisha ya muziki ya mji. Ushuhuda mzito kuliko yote ni wa Franz Liszt. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu muziki wa Waroma wa Hungaria, Liszt alisimulia jinsi alivyoingia katika sinagogi ya Vienna na kutikiswa na uimbaji wa Sulzer na kwaya yake. Kitabu hicho hicho kina kurasa zenye chuki kali dhidi ya Wayahudi. Kwamba sifa kwa Sulzer zimo ndani ya kitabu cha namna hiyo ni kipimo cha nguvu ya kile kilichosikika siku ile.

Kitabu cha Schir Zion

Kazi kuu ya Sulzer ya uandishi ni Schir Zion, mkusanyo wa nyimbo za ibada katika juzuu mbili. Juzuu ya kwanza ilitoka karibu na mwaka 1840, na ya pili katikati ya miaka ya 1860. Kwa pamoja zinabeba Sabato, sherehe tatu za hija, Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho na nyakati nyingine za kalenda ya Kiyahudi. Hapakuwa na kitabu kingine kabla yake kilichompa hazani ibada ya mwaka mzima, sehemu yake na sehemu ya kwaya, ikiwa tayari kuimbwa.

Juzuu ya kwanza ina vipande zaidi ya 150. Vingi ni vya Sulzer, lakini sehemu yake kubwa kiasi ilitoka kwa watunzi aliowaomba, wakiwamo Seyfried, Drechsler na Schubert, na wengi wao walikuwa Wakristo. Jambo hilo lilizua maneno. Wapinzani walisema kwaya za Sulzer zinasikika kama misa za Haydn zilizovikwa Kiebrania, na lawama hiyo haikuwa ya bure. Katika kurasa nyingi za juzuu hiyo, ngazi za kale za sinagogi zimelainishwa ziingie katika funguo mbili za muziki wa Ulaya, mkubwa na mdogo, na mapigo huru ya sala yamefungwa katika hesabu za tatu au nne.

Hata hivyo haifai kuisoma juzuu hiyo bila kuangalia sehemu za hazani. Huko Sulzer alikwenda taratibu zaidi. Aliyachukua mahadhi ya kale, akayapunguzia mapambo yaliyorundikwa na vizazi vya mahazani waliopenda kujionyesha, na akayaacha maneno yasikike. Katika waraka alioutoa mwaka 1876, alipotimiza miaka 50 ya utumishi Vienna, alieleza mwenyewe kwamba nia yake ilikuwa kuyatunza mahadhi yaliyorithiwa, kuyaondolea nyongeza zisizo na ladha, na kuyajenga tena kwa kufuata maneno na kanuni za muziki.

Juzuu ya pili inaonyesha mtu aliyesikia lawama na kujifunza. Watunzi wa nje karibu wametoweka, na mahadhi ya jadi yamepewa nafasi kubwa zaidi, hasa katika sala za siku kuu. Msimamo wake juu ya ala pia ulibadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Alipoanza kazi aliridhika na kwaya bila ala, lakini kufikia mkutano wa wanamageuzi wa Kiyahudi uliofanyika Leipzig mwaka 1869 alikuwa akitetea kinanda katika sinagogi, kwa hoja kwamba umati mkubwa wa waumini unahitaji kiongozi wa kuushika pamoja unapoimba. Pamoja na Schir Zion, alitoa kitabu kidogo cha nyimbo za shule na nyumbani kiitwacho Dudaim, na tungo nyingine za matukio mbalimbali.

Mfano wa Shema

Namna Sulzer alivyofanya kazi huonekana vizuri katika kipande kifupi kuliko vyote: Shema, tamko la Wayahudi la umoja wa Mungu, kama linavyoimbwa wakati gombo la Torati linapotolewa. Asubuhi ya Sabato kabati la magombo hufunguliwa na waumini wote husimama. Hazani hulichukua gombo mikononi, huwageukia watu, na hutamka mstari wa kwanza. Watu huurudia. Hutamka mstari wa pili, nao hurudiwa.

Tukio hili halihitaji ufundi mwingi. Hazani wa mtindo wa zamani angeweza kulirefusha neno la kwanza peke yake kwa mapambo ya dakika nzima. Sulzer alifanya kinyume. Alitoa lahani fupi ya ufunguo mkubwa, isiyopanda juu mno wala kushuka chini mno, ambayo silabi nyingi hupata noti moja tu. Mstari wa hazani na mstari wa jibu ni lahani ile ile, hivyo mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza anaweza kuitikia mara tu anaposikia. Kwaya inaposhika sauti nne chini yake, mstari unapata uzito bila kuongezewa noti. Heshima ya tendo inatokana na upole wa muziki na kusimama kwa pamoja kwa watu wengi.

Lahani hiyo, pamoja na nyingine zake za wakati huo huo wa kutoa na kurudisha gombo, kama Ein Kamocha, huimbwa hadi leo katika sinagogi za mikondo tofauti, za wahafidhina na za wanamageuzi. Waimbaji wengi hawajui ilitungwa na nani. Wanaichukulia kuwa ya kale kama maneno yenyewe.

Raia na mwalimu

Sulzer hakujifungia sinagogini. Alifundisha uimbaji katika chuo cha muziki cha Chama cha Marafiki wa Muziki cha Vienna katika miaka ya 1840. Mapinduzi ya mwaka 1848 yalipozuka, miongoni mwa waliouawa siku za mwanzo za Machi walikuwamo vijana wawili wa Kiyahudi, Karl Heinrich Spitzer na Bernhard Herschmann. Waliouawa walizikwa kwa pamoja tarehe 17 Machi, na Mannheimer na Sulzer walisimama kaburini pamoja na viongozi wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti. Kwa mji ambao miaka 22 kabla uliificha sinagogi nyuma ya nyumba, hilo lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana. Haki kamili za uraia kwa Wayahudi wa Austria zilikuja mwaka 1867, na mwaka uliofuata Sulzer akapewa nishani ya Franz Joseph. Mwaka 1874 mji wa Vienna ulimpa uraia wa heshima.

Nyumba yake ilijaa muziki. Alimwoa Fanny Hirschfeld wa Hohenems, nao walipata watoto wengi, na kadhaa kati yao walikuwa wanamuziki wa kazi. Julius alikuwa mtunzi na kiongozi wa muziki katika jumba la maigizo la Burgtheater. Joseph alikuwa mpiga cheli hodari, na mwaka 1905 alitoa toleo jipya la Schir Zion lililopangwa upya.

Wanafunzi ndio walioeneza kazi hiyo mbali. Moritz Deutsch alikuwa msaidizi wake kabla ya kwenda Breslau, ambako aliwafundisha mahazani wengine. Eduard Birnbaum alisoma kwake, akawa hazani wa Königsberg, na akakusanya hazina ya miswada ya muziki wa sinagogi ambayo sasa imehifadhiwa Cincinnati, Marekani. Alois Kaiser, aliyeimba katika kwaya ya Vienna akiwa mvulana, alihamia Marekani na kuanza kazi Baltimore mwaka 1866. Wengine walikuja kutoka Hungaria, Poland na Urusi, wakasikiliza, wakanakili noti, wakarudi kwao. Katika miji ya mashariki zilianzishwa sinagogi za kwaya zilizoiga mfano wa Vienna.

Watunzi wa rika la chini yake walijenga juu ya msingi huo. Samuel Naumbourg alianza kutoa mkusanyo wake mjini Paris mwaka 1847. Louis Lewandowski wa Berlin, ambaye lahani zake ni nyepesi zaidi kushikwa na waumini, alitoa vitabu vyake vikuu katika miaka ya 1870 na baada yake. Kila mmoja alikuwa na mtindo wake, lakini wote walipita katika mlango uliofunguliwa na Schir Zion.

Baada ya Sulzer

Sulzer alistaafu mwaka 1881 na kuzikwa mwaka 1890 katika sehemu ya Wayahudi ya makaburi makuu ya Vienna. Miaka 48 baadaye dunia aliyoitumikia iliangamizwa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, sinagogi na nyumba za sala za Vienna zilichomwa na kubomolewa. Sinagogi ya Seitenstettengasse iliharibiwa ndani lakini haikuteketezwa, kwa sababu moto ungeziunguza nyumba zilizoshikana nayo. Nyumba zilizoificha kwa amri ya dhuluma ndizo zilizoiokoa. Wayahudi wapatao 65,000 wa Austria waliuawa katika miaka iliyofuata, na pamoja nao walikwenda mahazani, wanakwaya na walimu waliobeba mahadhi hayo vifuani mwao.

Hapo ndipo uamuzi wa Sulzer wa kuandika ulipothibitika kuwa wa maana. Kilichokuwa kichwani mwa watu kilipotea pamoja na watu. Kilichochapishwa kilisafiri ndani ya masanduku ya wakimbizi na kubaki katika maktaba. Katika miaka ya 1950, chuo cha mahazani kilichofunguliwa New York mwaka 1948 kilishiriki kuchapa tena vitabu vya zamani vya muziki wa sinagogi, Schir Zion kikiwamo, ili kizazi kipya kipate pa kuanzia. Sinagogi ya Vienna ilikarabatiwa na ibada inaendelea humo. Huko Hohenems, jengo la sinagogi lililokuwa limegeuzwa kituo cha zimamoto lilirudishiwa sura yake na kufunguliwa mwaka 2004 kama ukumbi wa muziki na mikutano wenye jina la Salomon Sulzer.

Hukumu ya haki juu ya kazi yake ina pande mbili. Kwaya zake nyingi kubwa ni za wakati wake, na zinasikika leo kama sauti ya Vienna ya karne ya 19 zaidi kuliko sauti ya sinagogi ya kale. Nyingi kati yake haziimbwi tena katika ibada. Lakini sehemu alizoandika kwa ajili ya hazani na majibu mafupi aliyowapa waumini yamekaa. Pamoja nayo imekaa kanuni aliyoiishi: kwamba urithi wa ibada hulindwa na watu wanaoujua kwa undani, wanaoupa ufundi bora walio nao, na wanaouandika mapema kabla haujapotea. Jumuiya yoyote yenye nyimbo zinazoishi vinywani mwa wazee wake ina la kujifunza kutoka kwa mtu huyu.